Namna ya kuandaa vielelezo vya viza ya mwenza kwenda Uingereza

WAPO Watanzania waliofunga ndoa halali, ndoa iliyoshuhudiwa na wazazi wa pande zote mbili na majirani wa mtaa mzima, lakini maombi yao ya viza ya kumfuata mume au mke anayeishi Uingereza yakakataliwa. Mara nyingi tatizo halikuwa kwamba ndoa ilikuwa ya kubuni. Tatizo lilikuwa karatasi: cheti kisichokuwapo, jina lililoandikwa kwa namna mbili tofauti, au taarifa ya benki iliyopungua mwezi mmoja.

Jambo linalopaswa kueleweka mapema na kila anayeomba viza hiyo ni kwamba ofisa anayetoa uamuzi kwa kawaida hamwoni mwombaji. Fomu hujazwa kwa njia ya mtandao katika tovuti ya serikali ya Uingereza, alama za vidole na picha huchukuliwa katika kituo cha kupokelea maombi, vielelezo hutumwa kwa kompyuta, na uamuzi hutolewa na mtu aliyeko Uingereza ambaye huenda hajui Mbagala iko wapi, wala hajui kwamba mahari iliyopelekwa na mshenga haiandikiwi risiti. Mtu huyo husoma kilichoandikwa tu. Lisiloandikwa, kwake halikutokea.

Masharti yanayotumika yamo katika sehemu ya Kanuni za Uhamiaji za Uingereza inayojulikana kama Appendix FM, iliyoanza kutumika 9 Julai 2012, pamoja na mwenzake, Appendix FM-SE, unaotaja kielelezo kimoja kimoja kinachotakiwa. Kabla ya hapo mambo yalikuwa na sura nyingine. Hadi 1997 mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba shabaha kuu ya ndoa yake haikuwa kuingia Uingereza, mzigo uliowaelemea wengi kwa kuwa ni vigumu mno kuthibitisha kutokuwapo kwa nia. Sharti hilo lilifutwa Juni 1997, muda mfupi baada ya chama cha Labour kuingia madarakani. Lililobaki, kwamba uhusiano uwe wa kweli na unaoendelea, linaonekana jepesi likisomwa, lakini nalo huthibitishwa kwa karatasi.

Kwa ufupi, mume na mke wote wawili wawe wametimiza umri wa miaka 18, wawe wamewahi kuonana ana kwa ana, wawe na nia ya kuishi pamoja Uingereza moja kwa moja, na ndoa zao za awali, kama zilikuwapo, ziwe zimekwisha kisheria. Kisha yanafuata masuala ya kipato, mahali pa kuishi, lugha ya Kiingereza na cheti cha kifua kikuu. Mdhamini, yaani mwenzi aliyeko Uingereza, sharti awe raia wa huko, au mwenye kibali cha ukazi wa kudumu, au mmoja wa makundi machache mengine kama vile waliopewa hifadhi ya ukimbizi. Mtu aliyeko huko kwa masomo au kwa viza ya kazi hamwombei mwenzake kwa njia hii. Yeye ana taratibu zake.

Cheti cha ndoa

Hapa ndipo maombi mengi kutoka Tanzania yanapoanza kuyumba. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, inatambua ndoa ya kidini, ya bomani na ya kimila, na inataka zote zisajiliwe. Kwa waliofungia kanisani, msikitini au kwa Mkuu wa Wilaya, cheti hutolewa siku ileile au muda mfupi baadaye. Walio katika taabu ni waliooana kimila. Posa ilipelekwa, mahari ikalipwa, bibi harusi akasindikizwa kwa nyimbo, lakini hakuna aliyekumbuka kwenda kwa msajili. Ndoa hiyo inaheshimika kijijini, ila mwenye kuomba viza atatakiwa kwanza aisajili ndipo apate cheti, na kazi hiyo inaweza kuhitaji wazee walioshuhudia wakati wengine wamekwisha kufariki dunia.

Hata mwenye cheti hana budi kuhakikisha kwamba nakala ya usajili ilifika kwenye Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Cheti kilichoandikwa kwa mkono na kiongozi wa dini, kisha kikabaki kwenye kabati la ofisi yake, hakina nguvu ya kumtetea mwenyewe likitokea swali. Kwa Zanzibar, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, ndoa za Waislamu husajiliwa kwa utaratibu wa Visiwani, na mwombaji hana budi kuchukua hati yake huko.

Wapo pia wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa. Sheria ya Tanzania ina dhana ya ndoa: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambuliwa na jamii kuwa mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo husaidia mahakamani katika mgawanyo wa mali; haitoi cheti. Wenza wa namna hiyo wanaweza kuomba kama wenza wasiooana, kwa kuonyesha kwamba uhusiano wao unaofanana na ndoa umedumu walau miaka 2. Tangu 31 Januari 2024 kanuni haziwataki tena wawe wameishi chini ya paa moja kwa miaka hiyo miwili, nafuu kubwa kwa wanaotenganishwa na bahari, ingawa ushahidi wa uhusiano unapaswa kuwa mzito zaidi. Wachumba nao wana viza yao ya miezi 6, ambayo ndani yake lazima wafunge ndoa Uingereza, na mwenye viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi.

Suala la umri halina mjadala. Sheria ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, kifungu ambacho Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Uingereza haimkubali mwenza aliye chini ya miaka 18 hata kama nchi alikoolewa inamruhusu.

Talaka iliyo mdomoni

Aliyewahi kuoa au kuolewa kabla sharti aonyeshe ndoa ile iliishaje. Mjane huleta cheti cha kifo. Aliyeachika ana safari ndefu zaidi, hasa pale alipopewa talaka tatu kwenye kipande cha karatasi na kurudishwa kwao.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa, mume Mwislamu anaweza kutamka talaka kwa utaratibu wa dini yake, lakini ndoa haihesabiwi kuwa imevunjika kisheria mpaka shauri lipite baraza la usuluhishi na mahakama itoe amri ya talaka. Wengi huishia kwa shehe na kuoa tena wakiamini mambo yamekwisha. Ofisa wa Uingereza akiuliza amri ya mahakama, hakuna. Na bila hiyo anaweza kuiona ndoa ya pili kuwa si halali. Suala huwa gumu zaidi iwapo mmoja wa walioachana alikuwa akiishi Uingereza: sheria ya familia ya huko ya mwaka 1986 haiitambui talaka ya kutamka tu, isiyopitia chombo chochote cha kisheria, ikiwa mmoja wao alikuwa mkazi wa kawaida wa Uingereza katika mwaka mzima uliotangulia talaka hiyo. Mume anayempigia simu mkewe wa Tanga kutoka Birmingham na kumtamkia talaka huenda ameachana naye kwa mujibu wa dini, lakini mbele ya sheria ya Uingereza bado ni mumewe. Akimwombea mwingine viza, atajikuta ana wake wawili kwenye karatasi.

Na wake wawili ni jambo ambalo kanuni hizo hazilivumilii. Ndoa ya mitala ni halali Tanzania. Hata hivyo, mke hawezi kuruhusiwa kuingia Uingereza kama mke ikiwa mke mwingine aliye hai wa mume huyohuyo alikwisha kuingia au kupewa kibali kwa misingi hiyo.

Jina moja, tahajia tatu

Kasoro inayowasumbua Waswahili kuliko zote pengine ni ya majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma Hamisi, pasipoti inasema Fatma Khamis, cheti cha ndoa kina Fatma H. Juma, na kitambulisho cha taifa kimeandika jina la babu ambalo halimo kwingineko. Kwa Mswahili huyo ni mtu mmoja, tena hakuna mtaani atakayebisha. Kwa anayesoma akiwa mbali, ni watu watatu.

Dawa yake ni kuanza na pasipoti, kisha kuhakikisha kila hati nyingine inafuata tahajia yake. Panapowezekana kurekebisha, kama kwenye akaunti ya benki au kitambulisho, kurekebishwe. Pasipowezekana, mwombaji aape hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu akieleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, na iwapo jina limebadilishwa kabisa, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa iambatishwe. Tarehe za kuzaliwa zipitiwe kwa jicho hilohilo. Waliozaliwa nyumbani na kuandikishwa wakiwa watu wazima mara nyingi wana tarehe mbili.

Hati yoyote isiyo katika Kiingereza, ikiwamo barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hati ya ndoa ya Kiswahili au hukumu ya mahakama ya mwanzo, lazima ifuatane na tafsiri kamili. Mfasiri athibitishe kuwa tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, sahihi na namna ya kumpata. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) hutoa huduma hiyo, na ni salama zaidi kuliko kumpa kazi binamu anayejua Kiingereza.

Fedha

Sehemu inayoangusha wengi, wazungu kwa weusi, ni ya kipato. Ilipoanzishwa mwaka 2012, mdhamini alitakiwa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka kabla ya kodi, na zaidi kama kulikuwa na watoto. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika hukumu ya Februari 2017, ilikubali kuwapo kwa kiwango hicho lakini ikaikosoa serikali kwa kutozingatia vya kutosha maslahi ya watoto na vyanzo vingine vya fedha. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kilipandishwa hadi pauni 29,000 bila nyongeza kwa ajili ya watoto. Mpango wa kukifikisha pauni 38,700 ulisimamishwa mwaka huohuo baada ya serikali kubadilika. Kwa kuwa suala hili ni la kisiasa huko kama bei ya mafuta ilivyo huku, kila mwombaji aangalie kiwango kinachotumika siku anayotuma fomu.

Aliyeajiriwa kwa mwajiri mmoja kwa miezi 6 au zaidi hutoa hati za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyohiyo zinazoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri inayotaja cheo, kiasi cha mshahara, muda aliofanya kazi na aina ya mkataba. Hati hizo ziwe mpya: za mwisho zisizidi siku 28 kabla ya tarehe ya maombi. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya mshahara lazima kionekane benki kwa shilingi na senti, au kwa usahihi zaidi, kwa pauni na peni. Kwa mwenye mshahara maalumu, ofisa huchukua mwezi uliokuwa wa chini na kuuzidisha kuwa wa mwaka. Mwezi mmoja wa likizo bila malipo unaweza kuharibu kazi yote. Aliyebadili kazi ndani ya miezi hiyo 6 hupimwa kwa kipato cha miezi 12, na aliyejiajiri kwa hesabu za mwaka kamili wa kodi.

Kuna jambo linalowashangaza wengi Dar es Salaam. Mshahara wa mwombaji aliyeko Tanzania hauhesabiwi hata kidogo. Mke anaweza kuwa meneja wa benki mwenye mshahara unaomzidi mumewe wa Manchester mara mbili. Kwa kuwa kazi hiyo ataiacha, kanuni haziioni. Lakini kodi ya nyumba yake ya Sinza inahesabiwa. Mapato ya nyumba inayopangishwa, iwe ya mume, ya mke au ya wote wawili, hukubaliwa mradi si nyumba wanayoishi. Yanahitaji hati ya umiliki, mkataba wa upangishaji na taarifa za benki za miezi 12.

Hapo ndipo desturi za mjini zinapogongana na kanuni. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina leseni ya makazi au karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa badala ya hati miliki, na wapangaji wake hulipa kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa fedha taslimu, mkononi. Mwenye nia ya kutumia kodi hiyo anapaswa kuanza mwaka mmoja kabla: wapangaji waandikiwe mikataba na kodi ipite benki.

Akiba nayo inaweza kuziba pengo. Hesabu yake ni hii: pauni 16,000 za kwanza haziguswi, kisha kila pauni inayopungua kwenye kipato cha mwaka huhitaji pauni mbili na nusu za akiba. Mdhamini anayepata pauni 24,000 ana upungufu wa 5,000; atatakiwa kuwa na akiba ya pauni 28,500. Asiye na kipato chochote atatakiwa kuwa na pauni 88,500. Fedha hizo ziwe taslimu benki, chini ya umiliki wa mume, mke au wote wawili, kwa miezi 6 mfululizo, na chanzo chake kielezwe. Zawadi ya mjomba inakubalika, mkopo haukubaliki. Akaunti inaweza kuwa Tanzania, na shilingi hubadilishwa kwa thamani ya soko ya siku ya maombi. Aliyeuza kiwanja hivi karibuni hana haja ya kusubiri miezi 6 tena, mradi aonyeshe kwamba kiwanja kilikuwa chake muda huo wote na fedha zilizoingia ndizo za mauzo hayo.

Ahadi ya kaka aliyeko Leeds kwamba atawasaidia kimsingi haihesabiwi. Tangu Agosti 2017 inaweza kuzingatiwa, lakini pale tu ambapo kukataa viza kungeleta madhara makubwa kupita kiasi kwa familia. Mdhamini anayepokea baadhi ya malipo ya ulemavu au ya kumtunza mgonjwa hupimwa kwa kipimo chepesi zaidi na si kwa kiwango cha pauni 29,000.

Nyumba haina mambo mengi. Huhitajika mkataba wa pango au hati ya umiliki, na kama wataishi kwa ndugu, barua ya mwenye nyumba yenye kuwakubali. Sheria ya makazi ya huko hukadiria vyumba 2 kwa watu 3 na vyumba 3 kwa watu 5. Sebule huhesabiwa kuwa chumba, mtoto chini ya miaka 10 huhesabiwa nusu, na wa chini ya mwaka mmoja hahesabiwi. Kulala mstari mzungumzo hakuruhusiwi.

Kuthibitisha kwamba wanapendana

Hakuna karatasi moja inayothibitisha mapenzi, na waombaji wengi hukosea kwa kutaka wingi ubebe kazi ya ubora. Kurasa 900 za ujumbe wa simu hazisomwi na mtu. Kinachosaidia ni mwendelezo: mawasiliano machache ya kila mwezi tangu walipofahamiana hadi mwezi wa maombi, tiketi za ndege na mihuri ya pasipoti ya kila mara waliyotembeleana, picha zenye tarehe na maelezo ya nani ni nani, za posa na za harusi zikiwamo wazee. Taarifa za fedha zilizotumwa kwa benki au kwa M-Pesa zina uzito mkubwa kwa kuwa hazitungiki kirahisi na zina tarehe. Maelezo mafupi ya kila mmoja, ya ukurasa mmoja au miwili, yanayosimulia walivyokutana, kuoana na wanavyopanga kuishi, huziunganisha.

Maelezo hayo mawili yasigongane. Mume akisema walikutana harusini Moshi mwaka 2019 na mke akaandika walifahamiana Arusha mwaka 2020, ofisa hana namna ya kujua kwamba wote wawili wanasema kweli, mmoja akihesabu siku ya kuonana na mwingine siku ya kuanza uchumba. Vilevile, maombi ya viza ya utalii yaliyowahi kukataliwa lazima yatajwe. Kumbukumbu zake ziko kule kule, na kuyaficha ni kosa kubwa kuliko kukataliwa kwenyewe. Kuhusu hati za kughushi, ambazo wapo mawakala wasioona haya kuzitengeneza, hati moja tu inatosha kuangusha maombi yote, na doa lake humfuata mtu katika kila maombi ya baadaye.

Watoto ni suala linalohitaji mwanasheria. Mtoto wa mwombaji kutoka uhusiano wa awali anaweza kuandamana naye, lakini ikiwa mzazi mwingine yupo, mwombaji kwa kawaida hutakiwa kuonyesha kwamba ndiye mwenye wajibu wa pekee wa malezi. Katika familia nyingi za Kitanzania mtoto analelewa na bibi, ada inalipwa na mjomba, na baba huonekana sikukuu. Kuonyesha kwamba maamuzi yote ya maisha ya mtoto yalitoka kwa mama kunahitaji barua za shule, za hospitali na stakabadhi za ada zenye jina lake.

Kiingereza, kifua kikuu na ada

Mwombaji hutakiwa kufaulu mtihani wa kusema na kusikiliza Kiingereza wa ngazi ya A1, ambayo ni ya chini kabisa, katika kituo kilichoidhinishwa. Vyeti vya kidato cha nne au cha sita havitoshi. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza, kama za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaweza kusamehewa mtihani akipata uthibitisho wa taasisi ya Ecctis ya Uingereza. Waliofikisha miaka 65 husamehewa. Tanzania na majirani zake wamo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wa muda mrefu hupimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza, na cheti hudumu miezi 6. Kupima mapema mno ni hasara.

Ada ya maombi kutoka nje ilikuwa pauni 1,938 kuanzia Aprili 2025, na hupitiwa karibu kila mwaka. Juu yake kuna tozo ya huduma za afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, iliyoanza Februari 2024, ambayo kwa viza ya miezi 33 hufikia pauni 3,105. Maombi yakikataliwa, tozo ya afya hurudishwa, ada hairudi. Kwa gharama hiyo, kutuma maombi kwa kubahatisha ni anasa.

Ofisa anaweza kumwandikia mwombaji kuomba ukurasa uliokosekana katikati ya taarifa za benki au hati iliyokosewa umbo, lakini halazimiki, na kwa hati ambayo haikutumwa kabisa asitarajiwe kuuliza. Aliyekataliwa akiwa nje ya Uingereza ana siku 28 za kukata rufaa kwa misingi ya haki za binadamu. Pale kasoro inapokuwa ni ya kielelezo kilichosahauliwa, wengine huona ni haraka zaidi kuomba upya, japo ada ni ileile.

Anayepata viza asitupe jalada lake. Miezi 33 hiyo si ukazi wa kudumu; kabla haijaisha ataomba nyongeza ya miezi 30, ambayo huhitaji Kiingereza cha ngazi ya A2, na baada ya miaka 5 ndipo anapoweza kuomba kubaki moja kwa moja. Katika hatua zote hizo ataulizwa uthibitisho kwamba bado anaishi na mwenzake: barua za benki, za halmashauri ya mji, za daktari na za kampuni ya umeme, zenye anwani moja na majina yao wote wawili. Mke aliyehamia nyumba ambayo kila bili ina jina la mume peke yake anapaswa kuandikisha lake tangu mwezi wa kwanza.